Jani la Muhogo Juu ya Yai

Hallonbergen, 25 Januari 2009

Yaya Concessa, dada yangu mkubwa,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi na mwanangu Aurore hatujambo. Barua hii anakuletea Paskali wa kanisani kwetu, anayekwenda Bujumbura kumwona mama yake, naye amekubali kuvuka mpaka Uvira kwa ajili yangu. Pamoja na barua kuna kopo la kahawa. Ndani ya kopo hakuna kahawa. Kuna pamba, na ndani ya pamba kuna yai. Lifungue ukiwa umeketi.

Nimelifanya mwenyewe. Nakuona unavyocheka: Célestine yule aliyefukuzwa na masista kwenye darasa la kushona! Ngoja nikueleze. Huku Kista tunasafisha ofisi asubuhi kabla wenyewe hawajafika, mimi na mama mmoja wa Ukraina, jina lake Bohdana. Amenizidi umri, ni mkali, na Kiswidi chake ni kibaya kama changu, ndiyo maana tunaelewana. Mwezi wa kumi na moja nilimkuta kwenye jiko la wafanyakazi ameshika yai bichi, mshumaa unawaka mbele yake. Nikasema moyoni, huyu mama amenianzia dawa. Ndiyo, yaya, hata mimi. Nilibaki mlangoni na ndoo yangu, halafu nikamuuliza anafanya nini.

Kumbe ni ufundi wa kwao wa Pasaka. Kuna kijiti chenye kikombe kidogo cha shaba kwenye ncha, kikombe kina tundu. Unakipasha moto kwenye mshumaa, unachota nta ya nyuki, inayeyuka, unaandika nayo juu ya ganda. Palipo na nta, rangi haipiti. Yai likiwa jeupe, unafunika unachotaka kibaki cheupe. Unalitumbukiza kwenye rangi ya manjano, kisha unafunika unachotaka kibaki cha manjano. Halafu nyekundu. Halafu nyeusi. Mwisho unabaki na donge jeusi lenye magamba ya nta, na unadhani umeharibu kila kitu. Unalisogeza ubavuni mwa mshumaa, unafuta kwa kitambaa, na rangi zote ulizozificha zinatokea. Mara ya kwanza nilipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio.

Matano ya kwanza yalinipasukia mkononi. La sita ndilo hilo. Litazame vizuri, uniambie unaona nini. Mimi sisemi.

Mdogo wako,
Célestine

*

Uvira, 22 Februari 2009

Mdogo wangu Célestine,

Paskali alifika salama. Ni mtu mzuri ila anakula sana.

Kopo nimelipokea. Yai ni zuri mno, hata bila miwani nimeliona hivyo. Miwani yangu ilikanyagwa na mbuzi wa jirani mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo naona nyekundu, naona nyeusi, mengine ni ukungu, hata barua yako nimeisoma nusunusu. Nilielewa mara moja kwamba umenitumia mbegu ya kuku wa Ulaya, na kwamba alama ni za wataalamu wa mifugo, ili lisichanganywe na mengine. Nikaliweka chini ya kuku wangu mweupe aliyekuwa analalia tisa.

Leo ni siku ya ishirini na moja. Vifaranga wanane wametoka. Wa kwako bado. Kuku mwenyewe amelisukuma nje kwa mguu, hataki hata kuliona. Nimelitoa, nikalifuta, nikalirudisha kwenye pamba. Niambie, kuku wa huko wanalalia siku ngapi?

Na ile kwaya yako inaendeleaje? Wimbo mlioimba Krismasi, ulionitumia kwenye kaseti, wanawake wa hapa wameuiba. Wanauimba bila aibu.

Dada yako,
Concessa

*

Hallonbergen, 18 Machi 2009

Yaya,

Nimecheka mpaka Aurore akatoka chumbani kuuliza kwa Kiswidi kama nimeugua. Nilipomwambia Bohdana, yeye hakucheka. Alishika kichwa. Yai hilo ni bichi, yaya! Likipata joto linapasuka, na harufu yake itahamisha mtaa mzima. Liweke pakavu, mbali na jua, na ndani patakauka polepole kwa miaka. Bibi yake Bohdana aliyaandika ya kwake mapazia yakiwa yamefungwa, kwa sababu wakubwa wa wakati ule hawakutaka mambo ya Pasaka. Moja lipo hadi leo, Bohdana amenionyesha kwake Vårby gård. Bibi hayupo, nyumba haipo, ganda lipo.

Sasa nikwambie nilichoandika. Bohdana huandika ngano na kulungu. Ngano mimi siijui. Nimeandika shamba la mama kule Kiliba. Mistari mitatu ni matuta. Samaki wadogo ni ndagala ulizokuwa unaanika wewe. Duara jekundu ni jua. Na katikati ni jani la muhogo.

Yaya, hatuna picha ya mama hata moja. Nyumba iliungua na picha zote ndani. Miaka mingi nimekuwa nikijaribu kuikumbuka sura yake nashindwa, na niliona aibu kukwambia. Lakini mkono wangu ulipokuwa unaandika matuta, nilimwona ameinama, nikaona hata kiraka cha kitenge chake. Nililia mbele ya mgeni. Mgeni mwenyewe hana maneno ya kubembeleza, alinisogezea siki nisafishe yai la pili. Sasa ninayo kumi na mawili, yamekaa kwenye bakuli dirishani.

Kwaya haijambo. Siku hizi Alhamisi nakuwa nyumbani, napumzisha koo kidogo.

Mdogo wako,
Célestine

*

Baraza la Wazee wa Kusanyiko
20 Aprili 2009

Kwa Mama Célestine,

Bwana asifiwe.

Mama Dative alipokutembelea kwa niaba yetu aliona dirishani kwako mayai mabichi yenye alama: mkono wa mtu uliokatwa, samaki, na miduara. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo yai lenye alama huwekwa mlangoni pa mtu kwa nia mbaya. Tarehe 12 Machi tulikusimamisha kuongoza kwaya ili upate nafasi ya kujieleza. Hadi leo umekaa kimya.

Baraza limeamua hivi. Siku ya Pentekoste, tarehe 31 Mei, uyalete mayai yote mbele ya kusanyiko, uyavunje kwa mkono wako ndani ya beseni, kisha uombewe. Usipofanya hivyo utakuwa umejitenga nasi wewe mwenyewe.

Kwa kuwa huna mzazi, nitazungumza na dada yako wa Uvira akushauri.

Katika upendo,
Mchungaji Hervé

*

Uvira, 26 Aprili 2009

Célestine,

Mchungaji wako amenipigia simu. Amenieleza habari ya mayai na ya beseni.

Mama alipokufa mimi ndiye niliyekulea, kwa hiyo nisikilize. Yai lako nimelivunja. Nimelitupa chooni siku ileile. Na wewe yavunje hayo yaliyobaki, kabla hawajakugusa kwenye kwaya. Uko peke yako katika nchi ya watu, na mtoto msichana. Ukiugua nani atakuja? Aurore akiolewa nani atasimama upande wako? Ganda la yai halimpikii mtu uji.

Yavunje, uombewe, tusahau.

Dada yako,
Concessa

*

Hallonbergen, 17 Mei 2009

Dada Concessa,

Leo sikuiti yaya.

Barua yako imefika nikiwa nimetoka kazini, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi na koti langu. Nimeisoma tena nimekaa. Haikubadilika.

Nilikuandikia kwamba pale ni shamba la mama. Nilikuandikia matuta, nilikuandikia ndagala zako. Kitu hicho nilikwambia wewe tu, sikumwambia mtu mwingine yeyote kanisani, maana si haki yao. Halafu mtu mmoja anapiga simu dakika tano, unakwenda chooni! Hukuniuliza hata swali. Wewe uliyekuwa unachuma majani yale kila jioni kabla mimi sijajua kutembea. Wao wakisema ni mkono uliokatwa nawaona wajinga. Wewe nikuite nani?

Sitavunja hata moja. Wakileta beseni nitanawa mikono humo.

Usiniandikie mpaka uwe na kitu cha kuniambia.

Célestine

*

Hallonbergen, 17 Mei

Mama mkubwa Concessa,

Samahani, Kiswahili yangu ni ya jikoni tu. Hii karatasi naiweka ndani ya bahasha ya mama, yeye hajui.

Mama hakukuambia kitu moja. Walimutoa kwenye kwaya tangu mwezi wa tatu. Ile kwaya ni yeye aliianza. Kila Alhamisi anaweka kaseti na anaimba sauti ya pili peke yake, na mimi nikiingia anazima.

Anasema umemuvunja bibi. Mimi bibi sikumuona hata siku moja. Namujua kwenye yai tu. Mama alinionyesha na kidole: hapa alilima, hapa wewe ulianika samaki.

Kwa hiyo nauliza, ni kweli umelivunja? Kama ni kweli usijibu.

Aurore

*

Hallonbergen, 28 Mei 2009

Kwa Baraza la Wazee,

Bwana asifiwe kwenu pia.

Jumapili nitakuja, na mayai yote kumi na manne nitayaleta. Beseni leteni ninyi. Lakini nina maneno, na ni afadhali myasome leo ili siku hiyo tusicheleweshe watu chakula.

Nilipofika hapa mwaka 2001 hamkuwa na kwaya. Niliwakusanya wanawake sita kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo letu, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na joto na kisichohitaji kuombewa ruhusa. Tuliimba mashine zikizunguka. Mchungaji alikuja siku moja na kapu lake la nguo, akasikiliza, akatuomba tuimbe Jumapili. Mashahidi wapo na bado wanaimba.

Mmeandika mkono uliokatwa. Ni jani la muhogo. Ninyi ambao hamfanyi ubatizo wala harusi bila sombe, mboga ya jani hilohilo! Lakini sombe mnainunua imetwangwa tayari, imeganda ndani ya mfuko, na jani lenyewe limewatoka kichwani. Mmesahau kitu mnachokula, kisha mkakiita uchawi. Hilo ndilo la kuombewa.

Wanaoogopa yai mlangoni nawaelewa, nami nimetoka hukohuko. Nilipomwona yule mama wa Ukraina na mshumaa wake niliogopa kama ninyi. Ila mimi niliuliza.

Na kwa kuwa tunasema habari za wachawi: Alhamisi kabla ya Pasaka watoto wawili wa Mchungaji waligonga mlango wangu, wamefunga vilemba, mashavu mekundu, mifagio mkononi, wachawi wa Pasaka kama watoto wote wa Waswidi, wanaomba peremende. Walipendeza. Niliwapa peremende. Sikuwaitia kikao.

Jumapili, yeyote atakayesimama mbele ya watu aseme jani la muhogo ni dhambi, nitampa yai alivunje yeye. Mkono wangu hautavunja.

Célestine

*

Uvira, 9 Juni 2009

Mdogo wangu mwenye kichwa kigumu,

Nimepokea barua mbili katika bahasha moja, yako na ya mwanao. Usimgombeze. Amekuzidi akili wewe, na mimi pia.

Nilikudanganya. Yai sikulivunja. Limo ndani ya kopo lake la kahawa, na kopo limo ndani ya gunia la maharage chini ya kitanda changu. Siku ile ya simu nililichukua nikaenda nalo mpaka chooni, hilo ni kweli. Nikasimama pale. Mkono ukakataa, nikarudi nalo ndani. Halafu nikakuandikia kwamba nimelivunja, kwa sababu niliogopa ubaki bila mtu huko. Nilidhani ukisikia la kwanza limekwisha, mengine utayaachia. Miaka yote hii nimesahau kwamba wewe ukisukumwa huku unakwenda kule. Nisamehe. Na wewe uliniambia unapumzisha koo, kwa hiyo tumedanganyana sote wawili, tusilaumiane sana.

Miwani mipya nimeipata. Baada ya kusoma barua ya Aurore nililitoa yai, nikasimama nalo mlangoni kwenye mwanga. Célestine! Matuta ya mama. Ndagala zangu. Jani nililitambua palepale, nikamwita mama kwa sauti, jirani akatoka kuuliza nani amekuja.

Lakini mimi nimefundisha miaka thelathini na moja, kosa likiwa mbele yangu siwezi kunyamaza. Jani lako lina vidole vitano. Muhogo wa mama ulikuwa na saba. Jumamosi nilikwenda mwenyewe Kiliba kuhakikisha. Shamba linalimwa na watu wengine, watu wema, waliniketisha. Vijiti vya mama walivikuta ardhini, na tangu hapo wanavikata na kuvipanda tena kila msimu. Ni muhogo uleule, Célestine. Wakaniruhusu kuchuma jani moja. Nimelikausha ndani ya daftari, nalo limo humu. Lishike taratibu, uhesabu.

Pentekoste imepita. Kama wamekutoa, wamekutoa. Nilikosea niliposema uko peke yako.

Yaya wako,
Concessa

*

Hallonbergen, 12 Julai 2009

Yaya, yaya wangu,

Jani limefika zima. Nimelia, nimecheka, nimempigia Bohdana, naye akauliza kama nimekunywa.

Nikupe habari ya Pentekoste. Beseni walileta, la plastiki, la bluu. Nilisimama mbele na kapu langu, Aurore kando yangu. Nikamnyooshea yai mzee mmoja mmoja. Hakuna aliyepokea. Mchungaji akasema nimekuwa na kiburi, nikamwambia ndiyo. Akaiomba kwaya iimbe tuombewe. Kwaya haikuimba, yaya. Walitazama viatu vyao, wote ishirini na wawili. Nikafunika kapu kwa kitenge, tukatoka.

Sijarudi, na kwa sharti la kuvunja sitarudi. Lakini sitakuficha tena kitu: iliniuma. Jumapili iliyofuata niliamka nikavaa nguo za kanisa, nikakaa nazo jikoni, sina pa kwenda. Wiki mbili nzima nilichukia hata kuuona mshumaa.

Kisha Jumamosi wanawake wanne wa kwaya wakagonga mlango, kila mmoja na trei ya mayai meupe. Hawakusema wamekuja kufanya nini. Bohdana akaja kutoka Vårby gård na vijiti vyake na ukali wake, na tangu hapo kila Jumamosi jiko langu linanuka nta na siki. Tunaimba nta ikipata moto. Bohdana haelewi neno hata moja na anaimba kwa sauti kutuzidi.

Wiki iliyopita Mama Dative naye akaja. Yuleyule aliyetuchongea. Hakuomba msamaha. Alivua viatu, akakaa, akatazama mayai yangu kwa muda mrefu, akasema kwao Bubanza muhogo una vidole tisa, hivyo hili langu la vitano si jani la kitu chochote. Wakaanza kugombana, huyu saba, huyu tisa, huyu wa kwao Bukavu vitano kama langu. Ndipo nikaleta jani lako. Nikaliweka katikati ya meza, juu ya sahani. Mama Dative akaliinamia, akalinusa. Akaanza kulia, yule mama mgumu.

Saba. Nilihesabu mara tatu. Nimewakasirikia watu kwa kusahau jani, kumbe mimi mwenyewe nimesahau vidole viwili. Yameniuma haya kuliko beseni. Nilifikiri nimemwokoa mama mzima, kumbe kuna sehemu yake imekwisha kuniponyoka na sikujua.

Na nta haifutiki, yaya. Ukikosea huwezi kusahihisha, unachukua yai jingine. Kwa hiyo ninayo kumi na manne yenye kosa langu, na hayo pia sitayavunja. Yatakaa dirishani hivyohivyo. Atakayeniuliza nitamwambia nilikosea hapa na hapa.

La kumi na tano limetoka jana. Aurore ndiye aliyeandika matuta, mimi nikaandika jani nikilitazama la kwako. Analileta Paskali. Mchungaji alimwambia asibebe kitu chochote kutoka nyumbani kwangu. Amelipokea kopo, akaniuliza kama safari hii utampikia wali au ugali.

Lina vidole saba. Hesabu mwenyewe, mwalimu. Na hili usiliweke chini ya kuku.

Mdogo wako,
Célestine